Athari za Fatema Mernissi: tufuate isnadi, tusihesabu idadi

Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi tuchangie mjadala unaoendelea katika ukurasa huu kuhusu Fatema Mernissi, mwanasosholojia na mfeministi wa Morocco. Msomaji mmoja alimsifu kwa hoja kwamba mtandao unaonyesha ametajwa na wasomi kwa maelfu. Mwingine akamjibu kwamba hana athari yoyote, kwa kuwa masheikh wetu wa pwani hawamtaji. Wamepingana, lakini kipimo chao ni kimoja: jina limetajwa au halikutajwa. Kipimo hicho ndicho tunachokikuta katika rasimu za tasnifu za vijana wa Lamu walioko vyuo vikuu. Sura ya kwanza inasema kazi zake "zimetajwa mara nyingi sana", inatiwa tarakimu iliyonakiliwa kutoka kwenye skrini, kisha mwanafunzi anaendelea na mengine kana kwamba jambo limeshathibitika.

Halijathibitika, na kasoro inaanzia kwenye majina ya vitabu vyenyewe. Mernissi alizaliwa Fez mwaka 1940, akafariki Rabat mwezi Novemba 2015. Baada ya kupata udaktari Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, alitoa Beyond the Veil mwaka 1975. Kitabu hicho kikatoka kwa Kifaransa mwaka 1983 kwa jina jingine kabisa, Sexe, idéologie, islam, na mwaka 1987 kikachapishwa upya kwa Kiingereza kikiwa na marekebisho. Mwaka huo huo wa 1987 kilitoka Le harem politique, ambacho ndicho kilichozua maneno mengi zaidi. Tafsiri yake ya Kiingereza ya 1991 ina majina mawili: Wamarekani wanakiita The Veil and the Male Elite, Waingereza Women and Islam. Waindonesia wanacho kama Wanita di dalam Islam. Kumbukumbu zake za utotoni za 1994, Dreams of Trespass, Uingereza zinaitwa The Harem Within. Na kipo kitabu cha 1982 alichokitoa kwa jina la kubuni, Fatna Aït Sabbah. Juu ya hayo, jina lake mwenyewe huandikwa Fatima kwenye vitabu vingine na Fatema kwenye vingine, mbali na maandishi ya Kiarabu.

Mwanafunzi anayetafuta The Veil and the Male Elite peke yake amepata kipande. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hujaribu kuunganisha matoleo ya kazi moja, lakini huunganisha kwa kufanana kwa jina la kitabu na la mwandishi. Haina namna ya kujua kwamba Women and Islam ni matini ile ile. Tena Women and Islam ni jina la kawaida mno, waandishi wengine wamelitumia, kwa hiyo tarakimu inayotokea huenda imebeba mizigo ya watu wengine. Dawa yake ni kazi ya mkono: andika kwanza orodha ya majina yote ya vitabu na tahajia zote za jina la mwandishi, tafuta kila moja peke yake, pakua matokeo kwenye jedwali moja, kisha ondoa yaliyojirudia kwa kulinganisha jina la anayetaja, mwaka na kichwa cha kazi yake. Hapo ndipo utaona tasnifu moja imehesabiwa mara mbili kwa sababu iko kwenye hazina ya chuo na kwingineko mtandaoni.

Hifadhidata za kulipia kama Scopus na Web of Science ni safi zaidi, lakini zimejengwa juu ya majarida. Wanaoandika juu ya dini, historia na jamii huandika vitabu, na mazungumzo yao makubwa yako ndani ya vitabu na mikusanyo ya makala. Web of Science ilianza kuweka faharasa maalumu ya vitabu mwaka 2011 tu. Maana yake, miaka ya tisini, wakati Mernissi alipokuwa akijadiliwa kwa moto, imeingia humo nusunusu. Tanbihi za Kifaransa, Kiarabu na Kiindonesia zina hali mbaya zaidi. Indonesia ilimsoma sana miaka hiyo. Mwaka 1995 kilitoka Yogyakarta kitabu kilichomweka pamoja na Riffat Hassan wa Pakistan, Setara di Hadapan Allah. Anayepima kwa Kiingereza peke yake ameacha nje sehemu kubwa ya Waislamu waliomsoma.

Kuhusu ile alama ya h iliyobuniwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, tusipoteze wino mwingi. Mtu ana h ya 10 kama ana kazi 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10. Haiwezi kuzidi idadi ya kazi zake. Mwandishi mwenye vitabu 10 vilivyotajwa mara 1,000 kila kimoja atabaki na 10, na mtu mwenye makala 40 zilizotajwa mara 40 kila moja atapewa 40. Hirsch ni mwanafizikia, na fani yake huandika makala nyingi fupi. Kuileta kwa mtu wa vitabu ni kumpima kwa pishi ya mwenzake.

Njia bora iko mikononi mwetu tayari, na Mernissi mwenyewe aliitumia: njia ya isnadi, yaani kuufuata mnyororo wa wapokezi wa hadithi mmoja mmoja. Sura ya tatu ya Le harem politique inashughulikia hadithi inayojulikana na kila aliyesoma madrasa, kwamba hawatafaulu watu waliomtawalisha mwanamke. Imo katika Sahihi Bukhari, na mpokezi wake ni Abu Bakra. Mernissi aliuliza mambo mawili. Kwanza, aliisimulia lini? Akaonyesha kwamba maneno hayo yanahusishwa na habari ya Waajemi kumtawalisha binti wa Kisra, lakini Abu Bakra aliyakumbusha baada ya Vita vya Ngamia mwaka 36 Hijria, yaani 656, upande wa Bi Aisha (r.a.) ulipokwisha kushindwa. Pili, alikuwa nani? Hapo akaleta kisa cha wakati wa Sayyidna Umar (r.a.), Abu Bakra alipopigwa mijeledi kwa sababu ushahidi wa zinaa dhidi ya al-Mughira bin Shu'ba haukutimia. Akatumia sharti la Imam Malik kwamba elimu haipokelewi kwa mtu aliyejulikana kwa uongo katika mambo ya watu, akahitimisha kwamba mpokezi huyu hakutimiza sharti hilo.

Mtu akubali au akatae, kwa kupima athari inatosha kujua kwamba hoja hiyo ina viungo vitatu vinavyoweza kutenganishwa: wakati, mtu, na sharti la Malik. Chukua sasa kila kazi inayomtaja Mernissi, uiulize imechukua kiungo kipi, na imekichukua kwake au kwa mtu wa kati.

Huwezi kusoma zote. Sampuli ya 60 inatosha kwa tasnifu ya uzamili, mradi isichukuliwe kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo, maana mtambo hutanguliza kazi ambazo zenyewe zimetajwa sana, na hizo si kawaida ya zilizobaki. Gawa miaka mafungu manne: 1988 hadi 1995, 1996 hadi 2005, 2006 hadi 2015, na baada ya hapo. Toa 15 kwa kila fungu kwa kuruka hatua sawa. Kama fungu lina kazi 300, chukua kila ya 20. Taazia na makala za kumbukumbu ziweke kando kwanza, kwani mwandishi akifariki hutajwa kwa heshima na watu ambao kazi yao haina uhusiano na hoja zake, na tarakimu ya mwaka huo hupanda bila elimu kupanda.

Kwa kila moja soma aya iliyo na tanbihi, ya kabla yake na ya baada yake. Jaza safu tatu: je, ametaja ukurasa; amechukua nini; amekipata wapi. Safu ya kwanza inaonekana ndogo, nayo ndiyo inayofichua mengi. Anayeandika "Mernissi 1991" bila ukurasa, kwa dai mahususi kama la Abu Bakra, mara nyingi amelichukua kwa mwingine. Alama nyingine ni kosa linalorudiwa. Watu watatu wakinukuu sentensi moja, wote wakiwa wameacha neno lile lile katikati, wana chanzo kimoja na chanzo hicho si kitabu. Wanazuoni wa hadithi wamekamata wapokezi kwa njia hiyo tangu zamani. Wako pia wanaodhani kitabu ni cha 1991 kwa sababu ndiyo tarehe ya tafsiri, wakampanga nyuma ya watu aliowatangulia.

Mpe mwenzako 20 kati ya hizo 60 azijaze peke yake bila kuona majibu yako. Mkitofautiana zaidi ya mara nne au tano, kasoro iko kwenye makundi yenu ya majibu, hayajaelezwa vizuri. Kwa kawaida mnagongana penye "amekubali" na "ameeleza tu". Tenganisheni hayo mawili kabla hamjaendelea.

Ukifanya hivyo, picha inayojitokeza haifanani na ile ya barua zote mbili. Wako waliochukua njia, wakaenda kuhoji wapokezi wa hadithi nyingine zinazowahusu wanawake. Wako waliochukua tokeo bila njia, wanaosema kwa sentensi moja kwamba hadithi hiyo "ni dhaifu" na kuweka jina la Mernissi pembeni. Hawa ni wengi katika makala za harakati, na kwa maoni yetu ndio waliomharibia jina, maana msomi wa hadithi akiona sentensi hiyo hufunga kitabu. Mernissi hakuandika sentensi moja, aliandika sura.

Kisha wako waliompinga, na hapo ndipo athari ilipo nzito kuliko kote, jambo ambalo mhesabuji hawezi kuliona kwa kuwa kwake sifa na pingamizi ni moja na moja. Jibu la wanazuoni wa hadithi linajulikana: masahaba wote ni waadilifu katika riwaya, na ushahidi wa mahakamani ni mlango tofauti na upokezi wa hadithi, anayekataliwa kule hakataliwi huku. Mwanasheria Mohammad Fadel, katika makala ya 2011 iliyotoka jarida la Islamic Law and Society, alikwenda njia nyingine. Alihoji kama kurudi kwenye historia ya mpokezi ndiyo njia ifaayo kwa marekebisho ya sheria, akaonyesha kwamba usulul-fiqhi yenyewe, elimu ya misingi ya kutoa hukumu za sheria, ina nyenzo za kuifunga maana ya hadithi hiyo bila kumgusa sahaba. Raja Rhouni, Mmorocco mwenzake, alimwandikia kitabu kizima mwaka 2010. Alifuatilia safari yake kutoka ukosoaji wa kisekula wa 1975 hadi usomaji wa ndani ya Uislamu wa 1987, akahoji mkakati wa kuusimamisha usawa juu ya kupambanua hadithi sahihi na isiyo sahihi. Kazi inayowalazimisha watu wa usuli na wa ufeministi kujibu kwa kirefu miaka zaidi ya 20 baadaye imeathiri, hata kama majibu yote ni "hapana".

Kuna mtego mmoja wa tarehe. Qur'an and Woman ya amina wadud ilitoka Kuala Lumpur mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya tafsiri ya Kiingereza ya Mernissi. Women and Gender in Islam ya Leila Ahmed ilitoka mwaka huo huo. Wanafunzi huchora mshale kutoka 1991 kwenda 1992 na kuuita athari. Lakini wadud anafanya kazi juu ya Qur'ani, hafanyi kazi ya kupembua wapokezi, na katika njia yake ya tafsiri ana deni kwa msomi wa Kipakistani Fazlur Rahman. Mshale huchorwa palipo na kiungo kilichochukuliwa. Kuwa jirani katika rafu ya maktaba hakutoshi.

Tugeukie dai la msomaji wa pili, la kutotajwa na masheikh. Katika elimu yetu ya pwani, mtu hujibu hoja, hataji mwenye hoja, hasa akiwa hataki kumpa umaarufu. Isitoshe, sheikh anayetaka kuzungumzia mwanamke na uongozi haendi kwa Mernissi. Anakwenda moja kwa moja kwenye Fat'hul-Bari ya Ibn Hajar, ambayo Mernissi naye aliitumia, au kwenye khitilafu ya kale ambamo Abu Hanifa alimruhusu mwanamke kuwa kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa, na Tabari akanukuliwa kuruhusu bila mipaka. Basi kama unataka kujua athari za Mernissi kwenye darasa au mawaidha, usisikilize jina. Sikiliza kama msemaji anaitetea hadhi ya Abu Bakra pale anapoisoma hadithi hiyo, hasa akikitaja kisa cha al-Mughira. Mtu hatetei mlango ambao haukubishwa. Si uthibitisho kamili, kwani kisa cha Vita vya Ngamia na cha al-Mughira vyote vimo kwenye vitabu vya zamani, ila ni alama ya kufuatiliwa. Lamu haipaswi kushangazwa na athari isiyo na tanbihi: Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 ulilea mabinti kwa kughaniwa na kunakiliwa kwa mkono miongo kadhaa kabla Alice Werner na William Hichens hawajatoa toleo lao la 1934.

Upande wa pili wa athari ni pale nadharia inapoletwa hapa na kuwekwa juu ya mji wetu. Hapa wanafunzi wanaharibu zaidi kuliko kwenye hesabu. Beyond the Veil inagawa nafasi mbili: ya umma, ambayo ni ya wanaume, na ya nyumbani, ambayo ni ya wanawake, na inamwona mwanamke anayevuka mpaka kama anayeingia pasipo pake. Mwanafunzi anachukua mgawanyo huo na kuubandika kwenye jumba la mawe la mtaa wetu wa Mkomani: daka (baraza ya mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia) za wanaume, halafu kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu vya kukaa) na ndani kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani). Michoro inakubali vizuri mno. Kinachosahaulika ni mwenye nyumba. Katika familia za wenye majumba ilikuwa desturi nyumba kupewa binti anapoolewa, mume akahamia kwake, na mawikio, vyumba vya daraja, yakajengwa juu ya vichochoro kuunganisha nyumba za jamaa. Ukuta wa Fez ya utoto wa Mernissi, wenye bawabu mlangoni, na ukuta ambao mwanamke aliye ndani ndiye mwenye hati si ukuta mmoja. Atakayetumia Mernissi kwa nyumba za Lamu asome kwanza utafiti wa Usam Ghaidan juu ya mji huu, uliotoka 1975, na makala ya Linda Donley ya 1982 juu ya nyumba na mamlaka, kisha aeleze mgawanyo huo unavunjika wapi. Na anayeandika juu ya Malindi na mahakama za kadhi asipite bila kitabu cha Susan Hirsch cha 1998, Pronouncing and Persevering, ambacho kinaonyesha wanawake wa Kiswahili wakifungua kesi nyingi kuliko waume zao, na mara nyingi wakishinda. Picha ya mwanamke aliyenyamazishwa haiwezi kubaki ilivyokuwa baada ya kurasa hizo.

Mahali ambapo Mernissi anaingia Lamu barabara ni pengine, na ni nadra kuona mtu akipagusa. Mwishoni mwa Le harem politique anaisoma aya ya jilbabu, Suratul-Ahzab 59, kwa kuangalia mitaa ya Madina: vazi lilimtambulisha mwanamke huru ili asisumbuliwe, na mjakazi akabaki bila kinga hiyo. Shiraa ya Lamu ilifanya kazi inayokaribiana na hiyo. Ilikuwa hema la kitambaa lililobebwa na watumwa, bibi muungwana akipita ndani yake, na mtumwa hakuwa na haki ya kufunikwa hivyo. Buibui lilipoenea karne ya 20, utumwa ukiwa umepigwa marufuku, likavaliwa na wote. Hapo pana tasnifu nzima juu ya stara, uhuru na daraja, na Mernissi angekuwa msaada wa kweli badala ya pambo la sura ya kwanza.

Mwisho, sahihisho kwa msomaji wa pili, aliyeandika kwamba Mernissi alitunga Le harem politique ili kumtetea Benazir Bhutto. Kitabu hicho ni cha 1987, na Bhutto alishika uwaziri mkuu wa Pakistan Desemba 1988. Kilichoandikwa kufuatia ushindi wake ni Sultanes oubliées cha 1990, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza 1993 kama The Forgotten Queens of Islam. Hicho kinahusu wanawake waliotawala Yemen, Misri, Delhi na kwingineko, na hadithi ya Abu Bakra si kiini chake.

Walimu wa mbinu za utafiti,
Mkomani, Lamu